Malazi ya Kwanza, Maplewood

Harufu yenyewe si nzuri. Niseme hivyo mapema, maana nimeshasoma watu wakiandika juu ya harufu za utotoni mwao, na siku zote ni maandazi au mvua. Yangu ni sabuni. Kisabuni kidogo, chembamba kama biskuti, kimefungwa kwenye karatasi nyeupe yenye mstari wa kijani, na kinanuka kitu katikati ya dawa ya kusafishia sakafu na poda ya mtoto mchanga.

Mama anahama. Anaiacha ile fleti yetu ya Brooklyn Center na kwenda kukaa kwa kaka yangu Baraka, na Jumamosi nilikwenda kumsaidia kufunga vitu. Juu kabisa kabatini, nyuma ya masufuria ya sherehe, kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye kamba, wa aina ile wanayotoa hospitali kuwekea nguo za mgonjwa. Mama akaushusha na kunipa bila kuutazama.

"Huu wako."

"Wangu kivipi?"

"Wewe ndiye uliyenikataza nisiutupe."

Mimi sikumbuki kukataza. Inawezekana. Nilikuwa na miaka tisa, na mambo mengi ya wiki zile nimesimuliwa, sijui yapi niliyaona na yapi nimeyaokota baadaye kwenye midomo ya watu. Nitajaribu kusema lipi ni lipi. Shule yangu iliishia sekondari na ile kozi fupi ya kuhudumia wazee, kwa hiyo mtanisamehe nikijikwaa. Nawaandikia ninyi wa umri wangu, mliokulia kwenye fleti kama zile, mliosemeshwa Kiswahili mkajibu kwa Kiingereza. Ninyi mtalielewa kosa langu. Mwingine sidhani.

Baba alifanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi moja kule Eden Prairie. Alikuja nchi hii kusoma, akabaki. Alisema huko ofisini kila mtu ana picha mezani, amesimama mbele ya meli kubwa nyeupe, kavaa kaptula, anacheka. Zile meli za starehe, ambazo mtu hapandi ili afike mahali, anapanda ili apande.

"Mpaka yule dada wa mapokezi anayo," Baba alisema. "Mimi picha yangu ni ipi? Nimesimama mbele ya theluji na koleo."

Mama ni mtu wa Tabora, hakuwa na hamu na meli yoyote. Maneno yao ya mezani nayakumbuka mwenyewe, haya sikusimuliwa.

"Na ikizama?"

"Ina ghorofa kumi na mbili, mama Baraka. Ikianza kuzama tunapanda juu."

"Na ya kumi na mbili ikizama?"

"Hapo tutakuwa tumeshakula. Chakula hakifungwi, asubuhi mpaka asubuhi."

"Basi sawa. Nizame nimeshiba."

Meli ilikuwa iondoke kutoka bandari moja ya Florida, likizo ya shule ya mwezi wa tatu. Wenzetu wote waliokwenda huko walipanda ndege. Sisi tulikuwa tuendeshe. Nilipouliza kwa nini, Baba aliuinua mguu wake wa kushoto, ambao siku hizo ulikuwa unakaa juu ya stuli kila akiwa nyumbani, akauonyesha kwa kidole.

"Mguu huu haupendi ndege."

Nikaamini. Niliona ni jambo la kawaida tu, mguu kuwa na mambo usiyoyapenda, kama Baraka na bamia. Baba akaendelea kusema kwamba mguu huo pia haupendi kukaa garini muda mrefu, kila saa moja unataka kushuka utembee, na kwa siku usizidishe saa tano. Kwa hiyo safari ambayo watu wanaimaliza kwa siku mbili au tatu, sisi tungeikata vipande sita. Siku tano za kulala njiani.

"Konokono watakuwa wameshapanda meli," Baraka alisema. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, kila kitu kilimchosha.

"Sasa nahitaji kapteni wa malazi," Baba akasema, akinitazama mimi.

Nilimuuliza kwa Kiingereza malazi ndiyo nini. Baba alipenda sana maswali ya namna hiyo. Kiswahili chake alikifundisha kwa kuyapanga maneno kama watu wa familia.

"Lala, laza, lazwa, malazi. Ni ukoo mmoja. Mtu anayelala safarini anahitaji malazi. Ni ndugu, kama wewe na Baraka. Mmoja mpole, mmoja mkorofi."

"Nani mkorofi?" Baraka akauliza.

"Aliyeuliza."

Lala, laza, lazwa, malazi. Nililikariri lile darasa. Nalisema wazi kwa sababu kuna wakati nilitaka kumtupia yeye lawama, kwamba ndiye aliyenipoteza. Si haki. Alichosema kilikuwa kweli tupu.

Alinunua kitabu kikubwa cha ramani za barabara, kila jimbo ukurasa wake. Ofisini wangeweza kumchapia karatasi za njia kutoka kwenye kompyuta, lakini alisema kompyuta haijui kama binti yake anataka bwawa la kuogelea. Akachomoa kamba ya kiatu chake kimoja cha ofisini, akaipima kwenye ramani, akafunga fundo. Kutoka ncha mpaka fundo ni saa tano za gari. "Usipite fundo," akaniambia. "Ndani ya fundo, chagua unapotaka." Na kiatu kile akakitia kamba nyingine, ya kahawia, kiatu chenyewe cheusi, akawa anakwenda nacho kazini hivyo hivyo.

Vijitabu vya moteli alinipa Mama Njeri. Huyu alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya juu, Mkenya, anafanya kazi nyumba moja ya wazee na Mama, zamu moja. Alivichukua kwenye vituo vya kupumzikia vya barabara kuu, vile vijitabu vya bure vyenye picha ndogondogo za moteli na kuponi za kukata.

"Shika. Lakini kwani mnaenda na gari kama watu wanahama? Si mpande tu ndege?"

"Mguu wa Baba haupendi ndege," nikamwambia.

Mama Njeri alicheka kicheko chake kile cha kupiga paja. Halafu akamwangalia Mama, akaacha. Au naona hivyo leo. Siapi.

Nilifanya kazi ile kama sijawahi kufanya kazi nyingine. Kila siku nikitoka shule, kabla ya kuvua buti, nalala kifudifudi kwenye kapeti na kamba yangu ya kiatu. Sikuangalia usafi wala usalama. Niliangalia bwawa. Palipokuwa na picha ya bwawa la ndani, mimi nilishamaliza. Dells, mji wa mabwawa ya kuogelea kule Wisconsin, nilipaweka pa kwanza, kwa sababu watoto wa darasani kwangu wote walishakwenda na mimi bado. Halafu Bloomington.

"Bloomington iko hapo tu," Baraka akasema. "Kwenye yale maduka."

"Ya Illinois, mjinga."

Halafu Paducah. Halafu Chattanooga, jina ambalo Baba alilisema kama analia. Halafu Valdosta. Halafu meli. Niliandika kwa penseli kwenye karatasi ya daftari, namba pembeni, na kila jioni Baba ananihoji mguu ukiwa juu ya stuli.

"Bwawa lipo, kapteni?"

"Lipo."

"Chai ya asubuhi?"

"Ipo."

"Andika."

Wiki kama tatu kabla ya kuondoka, nilirudi kutoka shule nikamkuta Mama jikoni na simu sikioni. Alikuwa kwenye sare yake ya kazi, buti moja mguuni na nyingine mkononi, theluji inayeyuka sakafuni na haifuti. Alikuwa anaongea na mtu wa kanisani.

"Amelazwa," alisema. "Ndiyo. Maplewood. Amelazwa tangu asubuhi."

Mnaona tayari. Lala, laza, lazwa, malazi.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye ramani. Maplewood ilikuwepo, mashariki ya Saint Paul, karibu kabisa na barabara yetu ileile ya kwenda Wisconsin. Nikaweka kamba. Kutoka nyumbani haikufika hata ukucha. Nakumbuka nilivyojisikia, na haikuwa hofu. Ilikuwa aibu, kama ya mtu ambaye mwenzake wa timu ameanza kukimbia kabla ya filimbi. Baba ameondoka. Ameondoka wiki tatu mapema, bila sisi, bila kuniuliza mimi kapteni, na amekwenda kulala dakika ishirini na tano kutoka kitandani kwake.

Lakini nilikuwa mtoto wa haki, hata wakati ule. Kama amelazwa pale, amelazwa pale, haiwezi kuachwa kwenye orodha. Nikaibana juu ya Dells: moja, Maplewood. Nikabadilisha namba zote chini yake. Dells mbili, Bloomington tatu, mpaka meli saba.

Nilimuuliza Mama maswali. Nimeyapitia maswali yale mara nyingi, mimi kwa Kiingereza, yeye kwa Kiswahili, kila mtu na lugha yake kama kawaida yetu.

Baba yuko Maplewood? "Yuko."

Ni pazuri? Mama akafikiri. "Wanamhudumia vizuri."

Ana kitanda chake peke yake? "Anacho."

Na sisi je? "Ninyi hamruhusiwi. Sasa hivi watoto hawaingii, kuna mafua."

Hakuna hata jibu moja la uongo. Siwezi kumwambia Mama alinidanganya, na sijawahi kumwambia. Yeye alidhani namuuliza juu ya hospitali. Baraka naye, aliyekuwa anaelewa, alidhani naelewa. Mimi nilichoona ni kwamba Baba amechagua moteli isiyopokea watoto.

Kesho yake Mama alirudi na ushahidi. Alinipa kile kisabuni, na soksi za kijivu zenye vidoti vya mpira chini ili mtu asiteleze. "Baba kakuletea." Nani asingeamini? Kwenye vijitabu vyangu kulikuwa na picha za sabuni za namna ile, zimepangwa juu ya taulo. Nilikinusa kisabuni kile mbele ya Baraka nikamwambia Dells watakuwa na kikubwa zaidi. Akaniambia nitoke chumbani kwake.

Jumamosi mchana Baba alipiga simu. Baraka aliongea naye kwanza, ameugeukia ukuta, sauti ya chini. Kisha akaniletea simu. "Anakutaka."

Nilitaka kukataa. Nikaichukua ili nimkasirikie vizuri.

"Kapteni."

Nikaugeukia ukuta kama Baraka.

"Kapteni, upo?"

"Umeharibu mpango," nikasema. Nilisema kwa Kiswahili, na labda ndiyo maana nayakumbuka maneno yenyewe, kwa sababu ilibidi niyatafute moja moja.

"Nimeharibu vipi?"

"Malazi ya kwanza ni Dells. Wewe umelazwa Maplewood. Maplewood ni karibu mno. Watoto hawaingii. Tena hujaniuliza."

Nilisikia kitu kinalia kwa mbali, tii, tii, tii, nikadhani ni lifti, moteli nzuri zina lifti.

"Nani kakwambia nimelazwa Maplewood?"

"Mama. Nimeiandika kwenye orodha."

"Umeiandika," Baba akasema. Halafu akacheka, au alikohoa. Hapa ndipo pananisumbua mpaka leo. Baraka, aliyekuwa amesimama kando yangu, anasema ilikuwa kicheko. Mimi nilisikia kikohozi.

"Bwawa lipo?" nikamhoji, kama alivyokuwa ananihoji.

"Bwawa hakuna, kapteni. Lakini kitanda kina kitufe. Ukikibonyeza, kichwa kinapanda chenyewe."

"Chai ya asubuhi?"

"Wanaleta mpaka kitandani."

Nikafikiri. Chai ya kitandani haikuwa kitu kidogo, hakuna moteli yangu hata moja iliyokuwa nayo. Lakini nilishaamua.

"Hapana. Futa. Rudi nyumbani tuanze wote pamoja."

"Nifute?"

"Futa Maplewood. Ya kwanza ni Dells."

Alivuta pumzi, nikaisikia inavyopita. "Sawa, kapteni. Mpe Mama hiyo orodha aniletee. Kosa langu, nitafuta mwenyewe."

Sikusema kwaheri. Nilimrudishia Baraka simu, nikaichana karatasi kutoka kwenye daftari, nikaenda kuitia kwenye mkoba wa Mama. Nilijiona nimeshinda.

Mama alitoka nayo jioni ile. Orodha haikurudi.

Jumanne niliitwa kutoka darasani. Kwenye ofisi ya shule alikuwepo Mama Njeri, koti la baridi juu ya sare ya kazi, kofia mkononi anaikunja na kuikunjua.

"Njoo, mama. Tunaenda kwa Baba."

"Maplewood?"

"Eeh. Maplewood."

"Baraka?"

"Ako kwa gari."

Kwangu hesabu ilikuwa imekaa. Orodha ameipata, ameona kosa, lakini kwa kuwa ameshakuwa kule na kule kuko njiani, anaona tumfuate tuendelee. Sikupenda, ila nilikubali. Nikamwomba Mama Njeri tupitie nyumbani nichukue vitu. Akasema tutapita, Mama anataka kanga zake. Yeye akaingia chumbani kwa Mama, mimi kwangu. Nikavua, nikavaa nguo ya kuogelea, nikarudishia suruali na sweta juu yake. Miguuni nikavaa zile soksi za kijivu.

Garini Mama Njeri hakuwasha redio. Mtu ambaye huongea mpaka kwenye taa nyekundu, anaisemesha taa, siku hiyo kimya. Baraka alikuwa ameegemeza paji lake la uso kwenye kioo. Nilimwambia tukiondoka Maplewood kabla ya saa tisa, jioni tutakuwa majini. Hakugeuka.

Kisha nikaona kile kibao cha bluu pembeni mwa barabara, chenye herufi moja nyeupe, H, na mshale. Nilifurahi. Nilijua H ni ya hoteli.

Jengo lilikuwa refu kuliko moteli zote za kwenye vijitabu vyangu. Lifti yake ililia mara moja tu ilipofika, ting, na nikaona si mlio ule niliousikia kwenye simu. Jambo hilo lilinisumbua. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kujua, kwenye lifti, lakini siwezi kusema kwa uhakika. Mtu akishajua mwisho huwa anajipa akili asizokuwa nazo.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha korido, mikono imelala mapajani, viganja juu. Mama Njeri akamfunika kanga mabegani. Mama akanivuta nikasimama katikati ya magoti yake.

"Mama," aliniambia, hivyo ndivyo anavyoniita, "Baba amepumzika."

"Basi tumsubiri aamke," nikasema.

Nikaona Mama anamtazama Mama Njeri juu ya kichwa changu. Mama Njeri akapiga magoti pale koridoni, kwenye ile sakafu inayonuka sabuni yangu, akanishika mashavu yote mawili.

"Hapana, mama. Haamki. Baba amekufa."

Nilimchukia kwa miaka. Kila aliposhuka kwetu na chapati, niliingia chooni mpaka aondoke. Lakini tukiweka mambo sawa, watu wote wazima walionizunguka wiki ile walinipa maneno yenye ndugu wengi: amelazwa, wanamhudumia, amepumzika. Yeye peke yake alinipa neno lisilokuwa na ukoo.

Sikulia. Watu huwa wanasubiri niseme nililia. Nilichokisikia ni ile nguo ya kuogelea. Korido ilikuwa na joto, mpira wake ulinibana mabegani na huku chini kwenye mapaja, na sikuwa na mahali pa kuivulia, na hakuna niliyeweza kumwambia nimeivaa. Tulikaa pale mpaka kiza kikaingia madirishani. Baadaye waliniingiza nimwone. Kitanda kilikuwa kimeshushwa, kimenyooka. Nilikitafuta kitufe kwa macho, nikakiona. Hicho ndicho nilichokitazama.

Ilikuwa damu iliyoganda mguuni, ikapanda. Nilielezwa nikiwa mkubwa, na sasa kazini kwangu nawavalisha wazee soksi za kubana kwa sababu hiyohiyo. Waliomtibu walifanya walichoweza, Mama anasema hivyo na mimi sina sababu ya kusema vingine. Nyumba yetu ilijaa watu, viatu vikafika mpaka kwenye ngazi, kisha Mama akamsindikiza Baba Tabora kuzikwa, sisi tukabaki kwa Mama Njeri. Daktari alimkataza Baba ndege, akaenda kwa ndege. Nilimwambia Baraka hivyo siku moja nikidhani ni mzaha, akanipiga kofi, halafu akaniomba radhi, halafu hatukuongea tena juu ya jambo lile mpaka tukawa watu wazima.

Meli nadhani iliondoka. Hakuna aliyeitaja.

Mimi leo nafanya kazi Maplewood. Sikuchagua kwa sababu hiyo, ndipo palipokuwa na nafasi. Mwaka wa tisa sasa. Kila siku ya zamu napita chini ya kile kibao cha H, na sioni uchungu. Naandika hivyo nikijua kinaweza kusomeka vibaya. Nasema tu nilichonacho. Wengine wamejaliwa huzuni, mimi nimepata kitu kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Kinachonirudia ni lile swali moja: alinielewa, au hakunielewa? Nilimuuliza Mama Jumamosi, tukiwa tunafunga vikombe kwenye magazeti.

"Alikuwa na dawa nyingi," Mama akasema. "Alikuwa anaitikia kila kitu. Ungemwambia yeye ndiye rubani angesema sawa."

Baraka alikuwa anabeba boksi. "Alijua. Mimi nilikuwepo. Alicheka."

"Ulikuwa na miaka kumi na mitatu," Mama akamwambia.

"Na masikio mawili."

Kama Mama yuko sawa, basi niliyemfokea alikuwa mgonjwa asiyejua anafokewa kwa nini, na maneno yangu ya mwisho kwake yalikuwa amri isiyo na maana. Kama Baraka yuko sawa, Baba alijua vizuri yuko wapi na mimi nadhani yuko wapi, akaamua kukaa kwenye moteli yangu. Sikujua nimwamini nani. Wote wawili wanampenda.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi, niliumwaga ule mfuko kwenye meza yangu ya jikoni. Mkanda. Miwani. Kisabuni changu, sijui nani alikirudisha humo, pengine mimi mwenyewe siku nilipokataza usitupwe. Na viatu vyeusi vya ofisini, kimoja kina kamba nyeusi, kingine ya kahawia. Ndani ya kile cha kamba ya kahawia kulikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

Maplewood ilikuwa imekatwa. Mstari mmoja wa kalamu ya wino, umenyooka, umeanzia kwenye M ukaishia kwenye d. Chini yake Dells ilikuwa mbili ya penseli yangu, na juu ya mbili ile kuna moja ya wino. Moja yenye kofia na kitako, jinsi Baba alivyoiandika siku zote, ambayo mwalimu wangu alikuwa anaidhani saba. Bloomington, tatu imekuwa mbili. Paducah, nne imekuwa tatu.

Hapo wino unaishia. Chattanooga bado ni tano, Valdosta sita, meli saba.

Labda alichoka. Labda waliingia kumpima. Labda ililetwa chai, ile ya kitandani. Sitaki kuongeza nisichokijua. Ninachojua ni kwamba mtu anayeitikia tu hapangi namba upya.

Alisema kosa ni lake, atafuta mwenyewe. Lilikuwa langu. Nikachukua penseli ya mwanangu pale mezani, nikaandika: Chattanooga nne, Valdosta tano, meli sita.

Kisha nikaifungua ile karatasi ya kisabuni yenye mstari wa kijani, nikaenda kwenye sinki. Kisabuni kilikuwa kimekauka, kimepasuka katikati, na hakikutoa povu hata kidogo. Nikanawa nacho hivyo hivyo, mikono yote mpaka kwenye vifundo, nikajifuta, nikachukua funguo za gari. Zamu yangu Maplewood inaanza saa moja.